pH ni 7 juu na chini ya senta: je, kijito ni safi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi, nafundisha Senior One na Senior Two katika shule iliyo kando ya kijito kinachoteremka kutoka Mlima Elgon, nje kidogo ya Mbale, Uganda. Kwa kazi yao ya mradi, wanafunzi walipima maji kwa karatasi za pH, zinazoonyesha ukali wa asidi, sehemu mbili: juu ya senta ya biashara, na chini yake, pale yanapoingia maji ya kumenyea kahawa, ya kuoshea bodaboda na ya mifereji. Kote walipata 7, yaani si asidi wala alkali. Wakaandika kwamba kijito ni safi na watu wanaweza kunywa. Najua si kweli, lakini sikuweza kuwaonyesha. Shule ina pesa kidogo. Tununue mita ya oksijeni?

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kuwatoa darasani. Karatasi zao hazikudanganya. Pengine pH ni 7 kweli, juu na chini. Shida ni kwamba wameuliza kwa pamoja mambo mawili yasiyopimwa kwa kipimo kimoja. La kwanza ni afya ya kijito, yaani kama viumbe wake wanaweza kuishi humo. La pili ni kama binadamu anaweza kunywa maji yake. Kijito cha msituni kilichojaa wadudu wa maji safi kinaweza kumpa mtoto taifodi iwapo mgonjwa mmoja amejisaidia ukingoni. Maji ya kisima cha pampu hayana hata mdudu mmoja, na mara nyingi yananyweka bila shida. Ningepewa kipindi kimoja tu na wanafunzi wako, ningekitumia chote kuyatenganisha hayo mawili.

Kwa nini pH haikusogea? Maji yanayopita kwenye udongo na miamba huokota bikaboneti, nayo huzuia asidi kubadilisha pH kirahisi. Maji ya kahawa ni makali yakiwa shimoni, ila yakishachanganyika na kijito kizima ukali huo humezwa. Kinachobaki ni sukari na nyama ya tunda la kahawa, chakula cha bakteria. Bakteria wakila wanaongezeka, na wakiongezeka wanamaliza oksijeni iliyoyeyuka majini. Ugonjwa wa kijito uko hapo, na karatasi ya pH haiuoni.

Mita ya oksijeni ingeuona, lakini nisingeanza nayo. Inahitaji matunzo na kusawazishwa kila mara, tena inakuambia hali ya dakika ile tu. Oksijeni hupanda mchana mwani ukipata jua, kisha hushuka usiku kucha hadi alfajiri. Darasa linalopima saa nne asubuhi limeshaikosa saa mbaya kuliko zote. Na mkija kuipata mita hiyo, msilinganishe namba zenu na majedwali ya usawa wa bahari. Huko, maji ya nyuzi 25 yakishiba oksijeni hubeba takriban miligramu 8.3 kwa lita. Kwenu, karibu mita 1,150 juu, maji yaleyale hushiba kwenye 7.2 hivi kwa sababu hewa ni nyepesi. Mwanafunzi asiyelijua hilo atasema kijito kinaumwa, kumbe ni mwinuko tu.

Nunueni vichujio vya jikoni, mabeseni meupe na lenzi za mkono. Wadudu wa chini ya mawe wamekaa majini kwa wiki au miezi. Wamepitia kila alfajiri na kila mwago wa maji ya kahawa, hata ule wa usiku ambao hakuna aliyeuona. Mwanafunzi mmoja ashike kichujio upande maji yanakoelekea, mwenzake asugue na kugeuza mawe mbele yake kwa muda uleule kila mahali, kisha wamwage walichokipata kwenye beseni.

Kwa kuhesabu, tumieni mfumo wa miniSASS uliotengenezwa Afrika Kusini. Hauwadai wanafunzi kujua spishi. Una makundi 13 tu, kila moja na alama yake, kubwa kwa wanaohitaji maji safi na ndogo kwa wanaovumilia uchafu. Minyoo wana 2, ruba 2, lavaa (mabuu) wa jamii ya inzi na mbu 2, konokono 4, lavaa wa kereng'ende 6, kaa 6. Wale wanaojijengea vijumba vya mchanga au vijiti, pamoja na ndugu zao wasio na vijumba, wana 9. Wenye mikia mitatu myembamba na matamvua ubavuni wana 11, isipokuwa wale wadogo waogeleao kama visamaki, wenye 5. Jumlisha alama za makundi yaliyopatikana, ugawanye kwa idadi ya makundi, si ya wadudu. Juu wakipata kaa, kereng'ende, wajenga vijumba na wa mikia mitatu: 32 kwa 4 ni 8. Chini wakipata minyoo, ruba, konokono na lavaa wa inzi: 10 kwa 4 ni 2.5. Wakiona tofauti ya namna hiyo, hutahitaji kuwahubiria.

Kundi lenye alama 17, wadudu wa mikia miwili wapendao maji ya kasi, huku kwetu ni wachache, karibu wote wa jenasi Neoperla. Wasipoonekana, msikate tamaa.

Kuna mtego mmoja unaoharibu kazi nyingi za shule: kulinganisha mahali pa mawe na mahali pa tope. Wadudu watatofautiana hata kama maji ni yaleyale. Tafuteni sehemu mbili zenye mawe na mwendo wa maji unaofanana, hata ikibidi kutembea zaidi. Msiende pia mara baada ya mvua kubwa. Mafuriko kama ya Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika Mbale, husomba mawe pamoja na wadudu wake, na utupu wa siku zile si ushahidi wa uchafu.

Wakipata kaa, wamkague kwa lenzi. Usubi aliyeeneza upofu wa mtoni katika vijito vyenye kivuli vya Elgon, Simulium neavei, hukulia akiwa amejishikiza mwilini mwa kaa. Sijui somo zuri kuliko hilo la jinsi viumbe wanavyotegemeana.

Usalama usiulegeze. Mabuti ya mpira na glavu kwa kila anayeingia, kwa ajili ya kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia yenye majani, hasa karibu na adhuhuri, kwa hiyo nendeni asubuhi na mkae penye mkondo.

Lile swali la kunywa linahitaji kipimo cha bakteria wa kinyesi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kutokuwepo kabisa E. koli katika mililita 100. Mwombe ofisa wa maji wa wilaya akuelekeze kwenye maabara, sampuli iwekwe kwenye chupa iliyotakaswa na ifike ikiwa baridi, ndani ya saa 24. Mpaka jibu lije, sentensi ya "watu wanaweza kunywa" ifutwe kwenye ripoti, na wanaochota hapo wachemshe.