Mwalimu wa tai chi anakuja kwa siku mbili tu: kuna faida kulipia?

Mkuu, umeuliza mambo manne. Kama siku mbili na mwalimu wa tai chi (sanaa ya mapigano ya Kichina inayofunzwa polepole) kutoka mkoa wa Henan, China, zina thamani ya hela wanayodai wakati YouTube ni bure. Kwa nini magoti yanakuuma baada ya miezi minane ya kujifunza mwenyewe ule mtiririko wa miondoko 24. Kama kuna ibada imejificha humo. Na kama unaweza kwenda na mama yako.

Nitakujibu kwa niliyoyapitia. Mimi ni mtu wa Jambiani, Zanzibar, naishi Hamburg, Ujerumani, kazi yangu kutunza wazee. Huu ni mwaka wa tisa nasoma tai chi ya mtindo wa Chen kwa mwalimu wa Chenjiagou, kijiji cha Henan kilikoanzia mtindo huo, anayekuja huku mara moja kwa mwaka. Anakaa siku mbili au tatu, anaondoka, tunabaki wenyewe mpaka mwaka mwingine.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda. Lakini ujue unakwenda kuchukua nini, maana wengi hulipa, wakarudi na picha na miondoko waliyoisahau kabla ya Ijumaa.

Mara ya kwanza nililipa yuro 180, na kwangu zilikuwa hela nyingi. Nilidhani nitafundishwa mtiririko mzima (wale wa karate huita kata). Asubuhi ile tulisimama tu. Miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele kama umekumbatia mtungi mkubwa. Watu zaidi ya thelathini kwenye ukumbi wa mazoezi, kimya, na mwalimu anapita kwa mmoja mmoja. Wachina huita zhan zhuang, yaani kusimama kama nguzo. Baada ya dakika kumi nikaanza kuihesabia ile yuro 180.

Akanifikia. Kupitia mkalimani aliomba ruhusa kwanza, akaweka mgongo wa kiganja chake kiunoni kwangu nyuma, na vidole viwili begani. Akanishusha. Sijui nikuelezeje, hakunisogeza hata upana wa kidole. Hapohapo uzito wote ukateremka mapajani, miguu ikaanza kutetemeka na mapaja kuwaka moto, na mgongo wangu, ule niliokuwa nao na maumivu kwa miaka kwa kunyanyua wagonjwa kitandani, ukanyamaza. Nilitokwa na machozi. Akasema neno moja, "song", akaenda kwa mwingine.

Neno hilo hutafsiriwa "legea", lakini kulegea kwenyewe si kule kwa kunyong'onyea. Nguo iliyoanikwa imelegea, ila kamba inaishika. Kichwa kinabaki juu, na kila kilicho chini yake kinaachiwa kining'inie.

Ile hali ilidumu labda pumzi ishirini. Nilipokaa kwenye basi kurudi nyumbani nilikuwa nimeshaipoteza, na mwaka mzima uliofuata nikawa naitafuta kila alfajiri baada ya sala, dakika kumi na tano, jikoni. Nafasi nyingine sina.

Hicho ndicho unacholipia, mkuu. Mkono wa mtu anayejua ukiugusa mwili wako, mwili unapata kumbukumbu ya mahali unapotakiwa kurudi. Video haina mkono. Inakuonyesha umbo la nje la mwili wa mtu mwingine, na macho yetu yanaona mikono kwanza wakati kazi iko nyongani na kiunoni.

Sasa magoti. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kabla ya mwalimu huyu nilisoma miezi kadhaa kwa mtu mwingine hapa mjini. Alitaka tushuke chini sana, kwa sababu kushuka kunapendeza machoni. Hakutazama magoti yetu. Siku moja nimegeuka, mguu umebeba uzito wote, unyayo umebaki pale pale, goti likaingia ndani. Nilichechemea karibu nusu mwaka, na kwa kazi yangu ya kusimama kutwa ilikuwa adhabu.

Goti ni bawaba, kazi yake kukunja na kukunjua. Kugeuka ni kazi ya nyonga. Nyonga ikikaza, mwili utatafuta pa kugeukia, na utalionea goti. Kwa hiyo kuanzia leo fanya hivi: simama juu zaidi, tena juu kuliko unavyoona inapendeza. Kila unapohamisha uzito, tazama goti linaelekea kule vidole vya mguu vinakoelekea, na lisivipite mbele. Usiuzungushe unyayo uliobeba uzito wote, toa uzito kwanza. Mapaja yakiwaka ni sawa, endelea. Goti likiuma, hasa upande wa ndani, acha siku hiyo. Na kama linavimba, nenda hospitali kabla ya kwenda kwenye semina.

Huo mtiririko wa miondoko 24 unaoufanya si mbaya, wala usiutupe. Uliandaliwa 1956 na kamisheni ya michezo ya serikali ya China kutokana na mtindo wa Yang (tawi jingine la tai chi), ili wananchi wa kawaida wapate kitu kifupi cha afya. Unamalizika kwa dakika tano au sita. Lakini wewe umesema unataka tai chi "ya asili". Mwalimu wa Henan huenda akakufundisha Chen, na humo utakuta mwendo wa polepole unapasuka ghafla kwa ngumi au kishindo cha mguu, kisha unatulia tena. Usishangae. Hii ni sanaa ya mapigano, na polepole ile ni njia ya kujifunzia.

Kitu atakachokuonyesha mapema, nadhani, ni chan si, kuvuta uzi wa hariri. Uzi wa kifukofuko cha hariri ukiuvuta kwa pupa unakatika, ukisitasita unakwama. Lazima mvuto uwe mmoja, na unazunguka. Mkono unazunguka kwa sababu kiuno kimezunguka, na kiuno kwa sababu mguu umesukuma ardhi. Mkalimani alihangaika sana kutueleza. Mimi nilimkumbuka bibi yangu akisokota kamba za makumbi. Kiganja juu ya kiganja, nyuzi zinaingia bila kukatika, mabega yake yametulia kabisa huku anaongea na jirani. Siku hiyo ndiyo nilielewa, na mpaka leo nikizungusha mkono namfikiria bibi.

Kuhusu siku mbili kuwa chache. Mkuu, sanaa hii yenyewe imeishi kwa wageni wanaokuja na kuondoka. Kwa vizazi vingi ilikaa kwa ukoo wa Chen kijijini kwao. Yang Luchan, aliyezaliwa 1799, alikuwa mtu wa nje. Alijifunza kwa Chen Changxing, baadaye akaipeleka Beijing, na ndiko mtindo wa Yang ulikokulia. Mwaka 1928 Chen Fake naye akaenda Beijing kufundisha, akakaa huko hadi alipofariki 1957.

Na kijiji chenyewe kikakaribia kubaki mikono mitupu. Mwaka 1958 Chen Zhaopi, mzee aliyekuwa amefanya kazi mbali na kwao kwa miaka mingi, alirudi Chenjiagou akakuta vijana hawana wa kuwafundisha. Akabaki, akawafundisha kupitia miaka ya njaa na misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, hadi alipofariki 1972. Hapo ndipo kijiji kikamwita Chen Zhaokui, mwana wa Chen Fake, aje kutoka Beijing. Alikuja, akafundisha, akaondoka, akaja tena, hadi alipofariki 1981. Akina Chen Xiaowang, Chen Zhenglei, Wang Xi'an na Zhu Tiancai, hawa wanaojulikana dunia nzima leo, walipita kwa mzee yule na kwa mgeni huyu. Ina maana hata Chenjiagou kwenyewe walisubiri mwalimu aje, na alipoondoka walibaki wakifanya kila siku.

Nikikumbuka hilo, mwaka mmoja wa kusubiri jikoni kwangu hauniumizi.

Suala la ibada. Mimi ni Mwislamu na nililifikiria sana kabla ya kuanza. Jina taiji linatokana na fikra za Kichina za yin na yang (pande mbili zinazokamilishana), na utasikia maneno hayo. Salamu ni ngumi ya kulia ndani ya kiganja cha kushoto, ni heshima tu kama sisi tunavyoshika mkono. Kuna sherehe ya kupokewa kuwa mwanafunzi wa ndani, inaitwa baishi, na huko kunaweza kuwa na kupiga magoti na kufukiza ubani mbele ya picha za waliotangulia. Mimi hiyo sikuifanya, na hakuna aliyenilazimisha. Kwenye semina ya siku mbili hutaikuta. Halafu ujue Henan hiyo hiyo ina Waislamu wa Kihui ambao wamehifadhi sanaa yao ya mapigano, Xinyi Liuhe, kwa vizazi. Nilipolijua hilo moyo ulitulia.

Mama yako mpeleke. Umesema ana miaka 67 na anaogopa ngazi. Mimi naona kila wiki kuanguka kunavyomfanya mzee: nyonga inavunjika, halafu anaogopa kutembea, halafu hatembei tena. Utafiti uliochapishwa 2012 kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine uliwafuata watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson (unaotetemesha mwili na kuharibu mwendo) huko Oregon, Marekani, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Waliofanya tai chi walisimama imara kuliko waliofanya mazoezi ya kujenga misuli na waliojinyoosha tu, na walianguka mara chache kuliko hao waliojinyoosha. Lakini mama asiende kushindana na vijana ukumbini. Mwekee kiti nyuma yake, asimame anapoweza, akae akichoka, na kishindo cha mguu aachane nacho kabisa.

Ukienda, usijaze daftari. Chagua kitu kimoja. Mimi mwaka wa pili nilikwenda na swali moja tu kuhusu bega la kulia, nikamwonyesha wakati wa mapumziko. Aliniangalia, akacheka kwa upole, akanigusa nyonga ya kushoto. Bega likashuka lenyewe. Mwaka huo sikujifunza mwondoko hata mmoja mpya, na ndio mwaka niliofaidi zaidi.

Wewe nenda na magoti yako. Simama mbele yake, mwonyeshe mwondoko mmoja unaokuumiza, mwache aguse. Usiku huohuo mwombe mama akupige picha ukiwa umesimama vile alivyokuacha, kwa ubavu na kwa mbele, kabla mwili haujasahau. Na kabla hajaondoka tafuteni watu wawili watatu mnaokaa karibu, mkubaliane siku na saa ya kufanya pamoja. Sisi tulianza watu saba, tumebaki wanne, Jumapili asubuhi bustanini, hata kukiwa na baridi kali.

Semina ikiisha rudi hapa utuambie alikugusa wapi.