Usinunue hayo makontena kesho!

Dada, hiyo safari ya Kariakoo iahirishe. Umeuliza mambo matatu: vitenge zaidi ya 60 uvipange vipi kabla ya masika, shanga uzitenganishe vipi, na masalia ya vitambaa uyauze wapi. Halafu mwishoni, kama vile ni jambo dogo, unasema kesho unachukua makontena 10 ya mfuniko wa kubana, unajaza, unatupia nafthalini, vile vidonge vya kufukuza nondo, unafunga. Hapo ndipo nilipoacha kusoma.

Kontena linalobana likizuia unyevu kuingia, linauzuia pia kutoka. Na pamba huwa na maji hata ukiiona kavu: gramu 100 za kitambaa cha pamba kwenye hewa ya unyevu wa asilimia 65 hushika takriban gramu 8 za maji, na Dar mwezi wa nne hewa ni nzito kuliko hiyo. Mkono haukwambii. Mchana chumba kinapata joto, usiku kinapoa, yale maji yanatafuta pa kutua. Kitenge kipya nacho kina wanga wa kiwandani, na wanga kwa ukungu ni ugali. Miezi miwili baadaye unafungua, kawa! Vidoa vyeusi kwenye mikunjo, hasa ile ya katikati. Sabuni haivitoi. Jiki inavitoa pamoja na maua ya kitenge chenyewe. Mimi nina vitenge 14 vya kudekia, bei yake inazidi vigae ninavyovidekia.

Aliyetuponza ni yule wa video za kupanga vyumba, makontena yote saizi moja, lebo nzuri, kila rangi na mwenzake. Hakuna siku alisema anaishi nchi ambako nguo hukauka ndani ya nyumba na midomo hupasuka kwa ukavu wa hewa. Naye muuzaji anakuapia kwamba halipitishi hata hewa. Sasa si ndiyo tatizo lenyewe?

Kwa hiyo: pamba haiingii chini ya mfuniko kabla haijafuliwa, haijaanikwa na haijapoa. Anza kwa kubandua stika, gundi yake huacha doa. Fua kila kitenge peke yake mara ya kwanza maana kinachuja rangi, suuza mpaka ule utelezi wa wanga uishe. Anika kuanzia saa nne asubuhi. Saa mbili tatu za jua zinatosha, kisha kivulini penye upepo ili rangi isipauke. Piga pasi kavu, bila mvuke. Wengi wanaharibu hapa, wanakunja kikiwa bado cha moto. Kiache kwenye kamba ya ndani kama saa moja kipoe, ukikunje alasiri hiyo hiyo. Ukikilaza kambani hadi usiku kimeshakunywa tena.

Pa kuviweka? Foronya kuukuu za pamba, juu ya shelfu iliyo sentimita 15 kutoka sakafuni na 5 kutoka ukutani, kwa sababu saruji nayo hutoa unyevu. Hata shangazi kaja lenye zipu wazi ni afadhali kuliko kontena. Kila miezi mitatu kunjua, kunja kwa mstari mwingine.

Makontena mawili yanakutosha: zipu, vifungo, lesi za poliesta. Poliesta haishiki hata nusu gramu ya maji kwa gramu 100. Ukiwa huko kwenye zipu, vuta lastiki hadi mara mbili ya urefu wake. Isiporudi au ikilia kama karatasi, tupa. Uzi unaokatika kama tambi ukiuvuta kwa mkono usiufikishe kwenye cherehani.

Nafthalini sahau. Nondo wanakula sufu, kitenge hawana habari nacho. Anayekuja kwenye wanga ni yule mdudu wa fedha anayetafuna vitabu, na dawa yake ni kufua. Nafthalini inalainisha vifungo na shanga za plastiki aina ya polistirini, na nguo iliyoilalia ni hatari kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo huku kwenye malaria si adimu. Na atakayekushauri mchele kwenye soksi wa kunyonya unyevu, muulize fukusi anawaweka wapi.

Ukishindwa kabisa kujizuia na makontena, nunua moja tu, la kuonyesha ndani. Toboa matundu ya milimita 5 juu ubavuni, yazibe kwa selotepu kwanza. Weka vitenge vitatu, funga, liache usiku mmoja. Asubuhi angalia chini ya mfuniko. Kukiwa na mvuke hata kidogo, toa vyote, rudisha kambani. Kukiwa kukavu, bandua selotepu, bandika kipande cha chandarua kwenye matundu, ndiyo uende ukanunue la pili.