Nini Kiwekwe Badala ya Mayai Katika Keki?

SWALI: Mwanangu ana mzio wa mayai. Nilioka keki ya sponji ya mayai manne, na badala ya mayai nikatia ndizi mbivu nne zilizopondwa. Ilitoka nzito na katikati ikabaki mbichimbichi. Je, nilikosea kipimo?

JIBU: Hata ungebadilisha kipimo, keki isingepanda, kwa sababu ndizi ilipewa kazi isiyoiweza. Yai moja bila ganda lina gramu 50 hivi, na takriban robo tatu yake ni maji. Katika kiasi kinachobaki, protini na mafuta hufanya kazi tofauti kulingana na kinachopikwa. Katika sponji, protini za yai lililopigwa hushika vipovu vya hewa, kisha hukazwa na joto la oveni, na ndizo zinazoifanya keki isimame. Ndizi huleta unyevu na utamu na hugandisha kidogo, lakini haishiki hewa.

Sponji ya mayai manne ningekushauri uiache. Yai moja au mawili hubadilishwa bila shida kubwa. Yakifika matatu, ni afadhali kutafuta keki ambayo tangu mwanzo haikuyategemea. Iliyo nyepesi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya mafuta ya kupikia inayoumuliwa kwa magadi soda na siki: kwa unga wa ngano wa gramu 190 hivi, tumia kijiko kimoja cha chai cha soda na kimoja cha mezani cha siki. Siki iingie mwishoni na keki iingie katika oveni iliyokwisha kupata moto papo hapo, kwa kuwa gesi huanza kutoka mara viwili hivyo vinapokutana, na ukichelewa itakuwa imepotea bakulini.

Ukitaka povu lenyewe, tumia maji yaliyochemshia dengu kubwa nyeupe, ambayo Mfaransa Joël Roessel alionyesha mwaka 2014 kuwa hupigika kama ute wa yai. Vijiko vitatu vya mezani hushika nafasi ya yai moja, ila maji hayo yachemshwe mpaka yawe mazito na yenye kunata, kisha yapoe kabla ya kupigwa. Yakiwa mepesi utachosha mkono bure.

Kwa biskuti, au nyama ya kusaga iliyofinyangwa, ambako yai hugandisha tu, kijiko kimoja cha mezani cha mbegu za kitani zilizosagwa, kikilowekwa katika vijiko vitatu vya maji kwa dakika kumi, kinatosha.

Kwa kuwa suala lenu ni mzio, soma lebo za bidhaa zinazouzwa kama mbadala wa mayai, maana baadhi zimeondolewa kiini tu na ute umebaki. Neno albumini likitokea, hata bila neno yai, irudishe bidhaa hiyo rafuni.