Kulinganisha Valvu za Nguvu za Amplifaya ya Gitaa: Nilipokosea Mwanzoni

Jaribio langu la kwanza la kulinganisha valvu za nguvu, yaani zile taa za kioo zinazoipa amplifaya nguvu ya kuendesha spika, lilichukua mchana mzima na halikunifundisha lolote. Nilikuwa na amplifaya ya wati 50 inayotumia valvu mbili za 6L6GC, nikatafuta jozi mbili zaidi kutoka viwanda tofauti, nikawa nazibadilisha, napiga gitaa, kisha naandika maoni yangu kwenye daftari. Jozi moja niliiandikia kwamba ina kifua. Nyingine kwamba ni kavu na haina uhai. Miezi kadhaa baadaye, nilipojifunza kupima mkondo kwa multimita, niligundua kwamba ile kavu ilikuwa ikipitisha miliampea 22 tu kwa kila valvu, ilhali ile niliyoisifu ilipitisha 45 katika amplifaya ileile. Sehemu kubwa ya tofauti niliyoisikia ilitokana na bayasi, na kiwanda nilikisingizia bure.

Bayasi ni volti hasi inayowekwa kwenye gridi (wavu ulio ndani ya valvu) ili kudhibiti mkondo unaopita katika valvu wakati gitaa limenyamaza. Valvu mbili zenye jina moja zinaweza kupitisha mikondo iliyoachana sana kwa volti hiyohiyo, na kwa hiyo katika amplifaya yenye bayasi ya kurekebishwa kila jozi inapaswa kupimwa upya kabla ya mtu kutoa hukumu. Mafundi wengi wa amplifaya za daraja la AB, ambamo valvu hupokezana kazi, hawavuki asilimia 70 ya wati ambazo anodi (bamba linalopokea mkondo ndani ya valvu) inaruhusiwa kuhimili. Kwa EL34, aina nyingine ya valvu ya nguvu, ambayo anodi yake ni ya wati 25, kiasi hicho ni wati 17.5; anodi ikiwa na volti 450, mkondo unakuwa takriban miliampea 39. Kwa 6L6GC ya wati 30, hesabu hiyohiyo inatoa miliampea 47 hivi. Binafsi huishia karibu na asilimia 60, kwa kuwa sijawahi kusikia katika zile kumi za juu utamu wowote unaostahili kufupisha umri wa valvu. Amplifaya zenye bayasi ya kathodi, yaani inayotokana na mkondo wenyewe unaopita katika kathodi (sehemu ya valvu inayotoa mkondo), mfano Vox AC30 na EL84 zake nne, hujirekebisha kwa kiasi fulani, na kuzilinganishia valvu ni kazi nyepesi zaidi.

Kabla ya kugusa chochote, fahamu kwamba ndani ya amplifaya hizi mara nyingi kuna volti 400 hadi 500, na kwamba kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyejua namna ya kuziondolea umeme huo ampe fundi kazi ya kupima. Aidha, amplifaya ya valvu isipigwe kamwe bila spika kuunganishwa, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Kosa langu la pili lilikuwa la masikio. Sauti iliyozidi kidogo tu kwa ukubwa hutuonekea kuwa bora, na kumbukumbu ya sikio haidumu hata kwa muda wa kusubiri valvu zipoe, zitolewe, na nyingine zipate moto. Siku hizi narekodi kipande kimoja cha gitaa moja kwa moja bila amplifaya, kisha nakipitisha kipande hichohicho katika kila jozi, maikrofoni ikiwa imefungwa mahali pamoja, na mwishoni nasawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kusikiliza. Mtu mwingine ndiye anayecheza rekodi hizo bila kuniambia ipi ni ipi. Nilipofanya hivyo kwa jozi tatu za 6L6GC zenye bayasi sawa, nilikosea kuzitambua mara nyingi kiasi cha kuona haya.

Tofauti kati ya aina na aina, hata hivyo, ipo. EL34, ambayo ni pentodi (valvu yenye elektrodi tano), masikioni mwangu husukuma mbele sauti za kati na huanza kukwaruza mapema; 6L6GC hubaki safi kwa muda mrefu zaidi na besi yake hushikamana. Lakini usizibadilishane kwa sababu tu zinaingia katika soketi moja. Filamenti (waya unaoipasha valvu moto) ya EL34 hula ampea 1.5, ya 6L6GC ampea 0.9, kwa hiyo amplifaya ya valvu nne huiongezea transfoma ya umeme mzigo wa ampea 2.4. Zaidi ya hayo, pini ya kwanza ya EL34 ni gridi ya tatu, nayo lazima iunganishwe na kathodi, wakati katika soketi iliyofungwa kwa ajili ya 6L6 huenda pini hiyo imeachwa wazi au imetumiwa kushikilia waya mwingine. Bayasi nayo hubadilika.

Kuhusu 6V6 na EL84 sina mengi: zote ni ndogo, zinafaa kwa anayetaka mkwaruzo wa valvu za nguvu bila kutikisa kuta, na hazibadilishani kwani EL84 ina pini tisa na soketi yake ni nyingine. Kama shida yako ni kelele, usitegemee kushuka kutoka wati 100 hadi 50, kwani hapo unapunguza desibeli 3 tu. Na kama unataka amplifaya ibadilike tabia kwa namna ambayo hata msikilizaji wa mbali ataitambua, badilisha spika kwanza.

Ile jozi niliyoiita kavu ndiyo iliyomo katika amplifaya yangu hadi leo, kwa miliampea 40.