Jiko langu nitalijaribuje mtaani kabla ya kulitangaza?

SWALI: Natengeneza majiko ya makaa yenye udongo wa kuchomwa ndani, hapa Nyalenda, Kisumu. Nataka kuyapeleka kwa nyumba 20 mtaani, kisha nitangaze kwamba yanapunguza makaa kwa nusu. Nifanyeje ili watu waniamini?

JIBU: Dada yangu, hiyo nusu iweke kando kwanza, maana bado hujapima.

Anza na jiko la zamani. Wengi hupeleka jiko jipya siku ya kwanza, halafu wanakosa cha kulinganisha nalo. Kila nyumba ipike siku tatu mfululizo kama ilivyozoea, wewe ukipima tu. Asubuhi, ning'iniza mfuko wa makaa kwenye mizani. Kesho yake saa ileile, pima yaliyobaki, pamoja na yale yaliyozimwa jikoni. Kama yalizimwa kwa maji, yaanikwe kwanza, kwa sababu makaa mabichi yana uzito wa uongo. Andika pia idadi ya waliokula, kwani siku ya wageni huvuruga hesabu yote. Kisha mwachie mama jiko jipya wiki mbili alizoee, ndipo upime tena siku zilezile za juma.

Tuseme alikuwa akitumia kilo 1.6 kwa siku na sasa ni 1.1: ameokoa karibu asilimia 31. Hiyo si haba! Kwa anayenunua makaa kwa mkebe, mgeuzie iwe shilingi.

Usigawe makaa ya bure. Yatawashwa bila kuhesabiwa. Wala usiahidi jiko la bure. Nakuru niliwahi kuona kampuni moja ikigawa bidhaa yake kama zawadi. Kila mtu aliisifu, lakini ilipofika dukani haikutoka. Waambie mapema kwamba mwishoni watalirudisha au walinunue kwa bei ya kawaida, kisha uhesabu watakaotoa pesa.

Mara nyingi utakuta jiko la zamani bado lina moto: maharage yako huko, jipya linapika chai. Usimlaumu mtu. Pima makaa yote ya nyumba, si ya jiko lako pekee, na uulize sababu. Huenda sufuria ya ugali inayumba wakati wa kusonga. Ukisikia hivyo, rudi karakanani siku hiyohiyo upanue mafiga, hata kama itabidi uanze kupima upya.

Katika tangazo, taja nyumba ngapi, siku ngapi, wastani, na hata nyumba iliyookoa kidogo kuliko zote. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza madai ya uongo kuhusu bidhaa. Picha ya mtu au jiko lake usiitumie bila idhini yake, na idhini hiyo iwe ya maandishi.

Matokeo yatangazie kwenye kikao cha chama. Beba mizani ileile na daftari, na asome mama wa nyumba mwenyewe.