Land Rover ya marehemu babu, injini ya Hiace, kadi bado ina jina la mradi: naanzia wapi?

SWALI: Habari fundi. Niko Arusha. Babu yetu alifariki akatuachia Land Rover Series III 109 ya mwaka 1978, aliinunua kwenye mnada miaka ya tisini, zamani ilikuwa gari ya mradi wa maji. Kadi mpaka leo ina jina la mradi. Injini ya petroli ilikufa kitambo, mjomba akaweka injini ya dizeli ya 3L ya Hiace, na rangi ilikuwa kijani sa hivi ni nyeupe. Imelala miaka kama saba. Mbele chesesi imeoza, fundi anataka akate achomelee kipande kipya, na kasema anamjua mtu wa kunimalizia makaratasi yote bila gari kukaguliwa. Nataka itembee kihalali kwa jina langu. Nianze na nini? Au niachane nayo niagize nyingine Uingereza?

JIBU: Nzuri mkuu, na pole kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi.

Kabla ya yote mwambie huyo fundi azime grainda. Sitanii. Series III namba yake ya chesesi imegongwa kwenye chuma chenyewe mbele kulia, pale springi ya mbele inaposhikilia, ambapo ndo hapohapo kutu inapenda kula kwa sababu tope linakaa humo mwaka mzima halitoki. Akikata hicho kipande akakitupa kwenye skrepa basi gari umelizika wewe mwenyewe, kwa sababu kwenye mfumo wa usajili gari siyo bodi, siyo injini, siyo namba ya usajili inayoanza na T iliyoko kwenye bampa. Gari ni namba ya chesesi. Vingine vyote unaweza ukabadilisha ukaenda ukasema nimebadilisha, ukaonyesha risiti, ikaisha. Namba ya chesesi ikipotea hakuna cha kushikiza hizo risiti. Na akija mjanja akakwambia tutaigonga upya, hilo ni kosa la jinai, usiliingie hata kama namba ni ileile na nia ni njema, maana mkaguzi anayejua kazi yake anaona tofauti ya mwandiko wa kiwandani na wa nyundo ya gereji, na ukishaitwa mwizi wa gari kujitoa ni kazi.

Kwa hiyo leo chukua brashi ya waya (ya mkono, siyo ya mashine), kitambaa na mafuta ya taa. Sugua taratibu hapo mbele kulia mpaka uone chuma, kausha, afu pakaza chaki nyeupe juu yake ufute na kiganja, chaki inabaki ndani ya michoro na namba inatokea. Ya gari ya 1978 itakuwa tarakimu nane na herufi moja mwishoni, tatu za mwanzo zinaonyesha aina ya gari, siyo ile ndefu ya alama 17 ambayo Land Rover walianza nayo mwishoni mwa 1979. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaambiwa dirishani kwamba namba yako fupi imekosewa, wanarudi nyumbani wamechanganyikiwa, kumbe iko sawa kabisa. Piga picha ya karibu na ya mbali inayoonyesha ni gari gani. Linganisha na kibati cha ndani ya kebini, linganisha na kadi, herufi kwa herufi, maana kadi za zamani zilichapwa na mashine ya taipu na sifuri ikageuka O au moja ikageuka I. Zikitofautiana kwa herufi moja ni marekebisho. Zikitofautiana zote una gari la mtu mwingine mkononi na hapo swali lako linabadilika kabisa.

Kama namba inasomeka na kutu imefika pembeni yake, mpeleke mkaguzi wa magari wa trafiki aione gari kabla haijakatwa, aandike alichokiona. Ndo ukarabati ufanyike, kile kipande chenye namba kibaki kwenye gari, kiimarishwe kutokea pembeni na nyuma. Inawezekana, mafundi wazuri wa Land Rover Arusha mnao, mji ambao Oktoba 2024 ulijaza Land Rover barabarani kwa festival hauwezi kukosa mtu wa kuchomelea chesesi ya 109. Ila asichomelee bati, achomelee chuma cha unene uleule, maana hapo ndo springi na uzito wote wa mbele unapokaa.

Sasa makaratasi, na hapa ndo kwenye shughuli kubwa kuliko injini.

Umesema kadi ina jina la mradi. Gari nyingi za miradi, za wafadhili na za taasisi za dini ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha ulikuwa wa yule mwenye mradi, siyo wa gari, kwa hiyo ikiuzwa kwa mtu binafsi ambaye hana msamaha kodi inatakiwa ilipwe. Swali la kujiuliza ni je, baada ya ule mnada kuna mtu alilipa? Kama babu alikuwa mtu wa kutunza makaratasi itakuwepo kwenye bahasha fulani: barua ya mnada, risiti, hati ya mauziano, labda na stakabadhi ya forodha. Tafuteni kwenye masanduku, kwenye Biblia, chini ya godoro, wazee wetu hawatupi karatasi yenye mhuri. Mkikosa kabisa nenda TRA (mamlaka ya mapato) na kadi na namba ya chesesi waangalie gari liko katika hali gani kwenye mfumo, hasa kama bado lina namba za zamani ambazo hazikuhamishiwa kwenye hizi za T. Nenda ukaulize kabla hujatumia hela gereji, kwa sababu deni la kodi la gari linaweza likazidi thamani ya gari lenyewe na ni bora ulijue ikiwa bado ni skrepa.

Halafu mlolongo wa umiliki. Wewe hujanunua kwa mradi, babu ndo alinunua. Kwa hiyo kutoka mradi kuja kwako kuna hatua katikati huwezi kuziruka: mradi kwenda kwa babu kwa karatasi za mnada, babu kwenda kwa warithi kwa mirathi. Kama mirathi haijafunguliwa, ukoo ukae kikao, muandike muhtasari, mwende Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi, huyo msimamizi ndo mwenye mamlaka ya kusaini gari liende kwako. Usimwambie mjomba asaini mkataba wa mauziano kana kwamba babu kamuuzia, tarehe zitagongana na cheti cha kifo halafu mtu mzima anaitwa kujieleza kwa kitu ambacho kilikuwa na njia yake halali. Na warithi wengine wakubali kwa maandishi! Land Rover ikiwa imelala nyuma ya nyumba haina mwenyewe, ikiwaka tu utashangaa ina wenyewe kumi.

Injini. Kadi itakuwa inasema petroli, cc 2,286. Ndani kuna 3L ya dizeli, cc 2,779. Hii peke yake haina ubaya, watu wamefunga injini za Toyota kwenye Land Rover tangu zamani na sababu unaijua, spea zipo kila kona. Kubadili taarifa za gari ni huduma ya kawaida TRA: unaomba, unaambatanisha kadi halisi, ripoti ya ukaguzi ya polisi na uthibitisho wa ulikoipata injini. Wanapokwama wengi ni hapo kwenye ulikoipata. Mjomba aliinunua wapi? Kama ni kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, kuwe na risiti yenye namba ya injini imeandikwa, siyo "injini moja ya Hiace" basi. Kama aliitoa kwenye Hiace iliyopinduka, unatakiwa mkataba na nakala ya kadi ya ile Hiace, maana hiyo injini kwenye mfumo bado inaishi huko. Na mkaguzi ataisoma yenyewe kwenye bloku, kwa hiyo safisha ubavu wa injini grisi itoke, namba za Toyota zinaanza na hilo jina la injini lenyewe, 3L, afu tarakimu. Kama karatasi ya injini haipo na mjomba hakumbuki, ushauri wangu utakuuma: tafuta 3L nyingine yenye karatasi kuliko kuhalalisha isiyojulikana ilikotoka.

Rangi inakwenda kwenye ombi hilohilo, usiifanye safari ya pili. Ila usipige rangi mpya sasa hivi. Rangi mbichi kwenye gari kuukuu inamfanya mkaguzi ajiulize unaficha nini.

Kuhusu ukaguzi wenyewe, yaani gari kuonekana linafaa barabarani, nimeangalia maelezo yako na mimi nisingelala kwa ajili ya breki. Injini ya petroli inanyonya hewa kwenye manifodi, ule mvuto ndo unaendesha sevo ya breki (kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu). Dizeli haina mvuto huo. Toyota waliliona hilo wakaweka kipampu cha mvuto nyuma ya oltaneta ya 3L, sasa mafundi wengi wakihamisha injini wanafunga oltaneta nyingine yoyote iliyopo au wanaacha paipu ya sevo imezibwa na boliti, gari linasimama kwa nguvu za mguu wa dereva, na 109 ikiwa na mzigo ikishuka mlima haisimami. Kama yako ina sevo jaribu hivi: injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, afu washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, sevo inafanya kazi. Isipozama fuata paipu kwa mkono mpaka ujue inaishia wapi.

Breki ya mkono ndo mtego mwingine. Kwenye Series haikai kwenye matairi, ina dramu yake nyuma ya transfa (lile boksi la pili la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), inashika propela shafti. Kama mjomba alitumia adapta akaacha giaboksi ya Land Rover, ipo. Kama aliingiza injini na giaboksi ya Hiace kwa pamoja akaitoa transfa, hiyo breki imeondoka nayo na fowilidraivu imeondoka pia, na gari zito namna hii bila breki ya mkono halipiti popote na lisipite. Angalia chini leo.

Mengine ni ya kawaida kwa gari iliyolala: paipu za breki za mpira badilisha zote bila kuangalia sura, tairi soma zile tarakimu nne ubavuni (wiki na mwaka ilipotengenezwa) usidanganywe na kashata (meno ya tairi) nzima, tangi lisafishwe kama bado ni lilelile la petroli, paipu ya kurudisha dizeli ifungwe vizuri isiwe ya kuning'inia na waya. Beliti ya taimingi ya 3L weka mpya kabla hujawasha hata mara moja, ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Taa, indiketa, honi, waipa, mkanda wa kiti, kioo. Hivyo vidogo ndo vinawarudisha watu.

Huyo mtu wa kumaliza bila gari kuonekana achana naye. Utapata kadi, kweli, ila siku ya ajali bima watatuma mtu asome namba kwenye bloku na kwenye chesesi, akikuta petroli kwenye karatasi na dizeli kwenye gari wamepata pa kushika. Stika yenyewe ya bima ukishaikata ihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima), ni bure na ni dakika moja. Faini za zamani pia ziangalie mapema, ingawa kwa gari iliyolala miaka saba sitegemei ukute nyingi. Road licence (ada ya gari ya kila mwaka) usihangaike nayo, ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta.

Kuagiza nyingine Uingereza: sheria ya kwetu haikukatazi. Kenya hawapokei gari iliyozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 wamefunga zenye miaka 15 na kuendelea, sisi tunaipokea ila unalipia uzee wake. Station wagon ya zaidi ya miaka 10 inaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 30, hiyo ni juu ya ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa kufuata cc na VAT asilimia 18, na zinapandiana siyo kila moja inapigwa kwenye bei ya kununulia. Ongeza meli na bandari. Na Land Rover za 1978 Uingereza sa hivi wanaziuza kwa bei ya vitu vya kale. Mimi ningehangaika na ya babu, mradi tu namba ya chesesi isomeke na TRA wakwambie deni ni la kulipika. Kimoja kati ya hivyo kikigoma, iuze kwa spea, milango na akseli za 109 zina wateja.

Na kama mpango wako wa siri ni kupeleka watalii nayo porini (maana Arusha kila mwenye Land Rover ana mpango huo) hapo matumizi yanabadilika kuwa biashara, namba nyeupe badala ya njano, idadi ya viti kwenye kadi ifanane na iliyoko nyuma, na leseni zake za utalii. Maliza kwanza kuwa mmiliki. Ukishasugua hiyo namba nitumie picha, pamoja na ya chini ya gari upande wa transfa.