Muulize Fundi: Kubadilisha maji ya ndoo bila kuumiza mgongo

*Asalaam aleikum mzee. Nyuma ya nyumba nina ndoo 8 za lita 20, nne za letusi na nne za sukuma. Mizizi inaning'inia ndani ya maji ya mbolea na pampu ndogo inapuliza hewa. Mboga zinakubali, shida ni maji. Kila Jumapili nainua mfuniko pamoja na mmea wake, namwaga ndoo, naosha, najaza upya. Mgongo umekataa, na mizizi inakatika nikiishika. Baba watoto anasema nirudi kwenye udongo. Hakuna njia rahisi? — Msomaji, Bombo*

Waaleikum salaam, mwanangu. Mwambie baba watoto asubiri kidogo.

Ndoo ya lita 20 kwa kazi hii inashika kama lita 15, maana kikombe cha mmea kinahitaji nafasi na hewa pia inahitaji yake. Ndoo 8 ni lita 120, yaani jerikeni 6. Lita moja ina kilo moja. Kwa hiyo kila Jumapili unatoa kilo 120, unaingiza kilo 120, na zote zinapita mikononi mwako. Huo mgongo ungenyamaza ningeshangaa. Nimefunga mabomba hapa Jinja miaka mingi kabla sijashika mbegu, na kwa macho ya fundi bomba naona hivi: maji yana uzito wa kuyashusha yenyewe, nawe unayanyanyua kwa nguvu zako. Yapangie njia tu.

Njia yenyewe ni kuziunganisha ndoo kwa chini. Nunua tangi konekta, vile viungo vya kupitishia bomba kwenye ukuta wa chombo, za robo tatu inchi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nusu inchi usikubali hata muuzaji akikusifia bei, kwani mizizi ya sukuma huingia kwenye bomba na nusu inchi inaziba upesi. Toboa ubavuni, chini kabisa pale ambapo konekta inaweza kulala vizuri. Kama huna drili, pasha moto kipande cha bomba la chuma kwenye sigiri, kipenyo chake kidogo kuliko konekta, kisha bonyeza polepole plastiki iyeyuke. Lifanyie hilo nje, moshi wake si wa kuvuta. Malizia kwa kisu kidogo kidogo mpaka shingo ya konekta ipite kwa kubana.

Hapa ndipo wengi wanapopata ndoo inayovuja. Washa, ile pete ya mpira, hukaa ndani, upande wa maji, na nati huja nje. Ukuta wa ndoo una mviringo, kwa hiyo washa nyembamba na ngumu haitalala sawasawa. Tafuta nene iliyo laini. Kaza kwa mkono mpaka ikatae, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha, mpira unajikunja na kutokea pembeni, na maji yanapata mlango. Tepu nyeupe iwekwe pale bomba linapoungana na konekta, izungushwe kufuata njia ya kukazia. Ukiizungusha kinyume itafunguka unapokaza. Jaza maji matupu, acha usiku kucha, asubuhi pitisha karatasi ya chooni kila kiungo. Ikilowa, rudia.

Usiziunge zote 8 pamoja. Letusi hutosheka na EC (kipimo cha wingi wa mbolea iliyoyeyuka kwenye maji) ya 1.2 hivi, sukuma hupenda karibu 2, na maji yakiungana wote watakula sahani moja. Tena ugonjwa wa kuoza mizizi ukiingia ndoo moja utatembelea zote. Fanya mistari miwili, na mwisho wa kila mstari ongeza ndoo moja isiyo na mmea. Hiyo ndiyo utakayoifungia koki ya kutolea, na ndiyo utakayomiminia maji mapya. Mimea usiiguse tena. Mizizi yako itapona kwa sababu hiyo tu.

Ndoo zote zisimame usawa mmoja. Maji yaliyounganishwa hutafuta kimo kimoja, kwa hiyo ndoo iliyozama vidole viwili itafunika shingo ya mmea, na iliyoinuka itaacha mizizi mikavu. Waazime waashi mpira wao wa kupimia levo, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani. Shika ncha moja kwenye ukingo wa ndoo ya kwanza, nyingine kwenye ndoo ya mwisho, utaona. Weka matofali chini ya ndoo ili koki iwe juu ya mahali unapopeleka maji. Huna haja ya kukinga kwa jerikeni. Funga mpira kwenye koki, uelekeze kwenye migomba. Yale maji bado yana chakula. Zungusha, leo mgomba huu, safari ijayo ule, chumvi isirundikane mahali pamoja. Mtaroni usimwage, maana mitaro yetu huishia kwenye mabwawa na mbolea hiyo inakwenda kulisha magugu.

Kwa upande wa kujaza, pipa la kuchanganyia liwe juu kuliko ndoo, likipata maji ya mfereji wa paa itakuwa vizuri zaidi. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zinatupa maji yasiyo na chumvi karibu yoyote. Kama ni maji ya bomba ya National, lile shirika la maji la Uganda, yaache wazi usiku kucha, sehemu kubwa ya klorini itaruka na joto litalingana na la ndoo. Changanya mbolea ndani ya pipa likiwa limejaa. Kalsiamu naitreti iingie peke yake, koroga mpaka iyeyuke, ndipo uongeze zile nyingine. Zikikutana zikiwa nzito, kalsiamu inashikana na salfeti na fosfeti, unaona unga mweupe chini, na huo mmea haunywi.

Siku yenyewe inakuwa hivi. Jioni jua likipoa fungua koki, maji yashuke, funga. Mizizi ikining'inia ndani ya ndoo yenye giza na unyevu kwa muda huo haidhuriki, mradi mfuniko ubaki mahali pake. Fungua pipa, maji yanaingia kwenye ndoo tupu na kujisambaza. Lita moja au mbili zinazobaki chini ya konekta ziache. Pampu ya hewa ining'inie juu ya usawa wa maji; ikikaa chini, umeme ukikatika maji yanarudi kwa kale kamrija mpaka ndani ya pampu, na hapo utanunua nyingine.

Nimeacha la mwisho ambalo labda ungependa kulisikia kwanza: kila Jumapili ni mara nyingi mno. Nunua kipimo cha EC na cha pH, yaani uchachu wa maji. Maji yakipungua na EC ikipanda, mimea imekunywa maji ikaacha chakula, ongeza maji matupu. EC ikishuka, ongeza mbolea. pH icheze kati ya 5.5 na 6.5. Pima kwenye ndoo ya mbali, siku moja baada ya kuongeza, maana kwenye ndoo unayomiminia utadanganyika. Kila jerikeni unayoongeza kwenye mstari, chora alama ya chaki ukutani. Mstari wa ndoo 5 una lita 75. Alama zikikaribia nne, maji yote yameshanywewa mara moja na chumvi zisizotakiwa zimebaki. Hapo badilisha. Kama maji yananuka au mizizi imekuwa ya kahawia na utelezi, usingoje chaki.

Na kama fedha za konekta hazijapatikana mwezi huu, tumia mpira tu. Uzamishe wote kwenye maji ujae, ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, moja iache ndani ya ndoo, nyingine ishushe chini kuliko ndoo, achia. Hakuna haja ya kunyonya kwa mdomo.

*Mzee, huku kwetu mchana maji ya ndoo yanapata joto kama ya kuoga. Nimekuwa nikiyabadilisha kila siku mbili ili yapoe. Ni sawa? — Msomaji, Arua*

Unapoteza mbolea bure, ndugu yangu. Kwenye usawa wa bahari maji ya nyuzi 20 hushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Sisi huku juu tunapata pungufu ya hapo. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi. Kwa hiyo una sababu ya kuogopa joto, ila dawa yake ni kivuli. Paka ndoo rangi nyeusi kwanza mwanga usipite, halafu nyeupe juu yake. Zizike nusu ardhini kama udongo unaruhusu. Chupa ya maji iliyogandishwa ukiitumbukiza saa sita mchana inasaidia. Igandishe ikiwa na kizibo, usiweke barafu tupu, itapunguza mbolea yako. Na ongeza jiwe la hewa la pili, lile la mwisho wa mrija wa pampu linalotoa mapovu.

*Sina umeme wa kutegemea. Je, niache kabisa? — Msomaji, Mbale*

Letusi panda. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieleza namna ya kujaza chombo mara moja, bila pampu, bila kubadilisha maji: mmea unakunywa, maji yanashuka, na mizizi inayobaki juu inavuta hewa kwenye ile nafasi. Kosa ni kujaza tena mpaka juu, kwani ile mizizi ya hewa itazama. Ukiona maji yatakwisha kabla ya kuvuna, ongeza kidogo tu chini. Sukuma unayochuma miezi na miezi haitakubali mpango huo, itamaliza ndoo ingali changa.